Somo la Kasha la Kumbukumbu: Watoto Wahifadhi Vitu vya Kila Siku

Katika magofu ya Gede, karibu na kasri, kuna nyumba inayoitwa Nyumba ya Makasi. Ziko pia Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe na Nyumba ya Sarafu za China. Mgeni anayesoma vibao hivyo kwa mara ya kwanza hudhani ni majina ya tangu zamani. Sivyo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na majina ya watu waliolala ndani ya vyumba hivyo yamepotea. Nyumba zilipewa majina na mwanaakiolojia Mwingereza, James Kirkman, aliyechimba hapo kati ya mwaka 1948 na 1958, kulingana na kitu kilichopatikana chini ya kifusi cha kila nyumba. Palipotoka makasi pakaitwa kwa makasi. Palipotoka taa pakaitwa kwa taa.

Mwenye makasi hakuwa na nia ya kumwachia mtu ujumbe. Pengine aliyatafuta siku nzima akayakosa, akaazima ya jirani. Hata hivyo, katika yote aliyoyafanya maishani mwake, makasi hayo ndiyo yanayomtambulisha leo mbele ya wageni na wanafunzi wanaozuru Gede. Mnamo Julai 2024 mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO, na mengi yanayojulikana kuhusu maisha ya ndani ya nyumba zake yametokana na vitu vya namna hiyo: vigae vya vyungu, shanga, makombe ya bahari, vipande vya bakuli za kaure zilizoletwa kutoka China.

Somo hili ni la watoto wa shule, pamoja na walimu na wazazi wao. Linaeleza jinsi darasa linavyoweza kutengeneza kasha la kumbukumbu, yaani chombo kilichofungwa vizuri chenye vitu vya kila siku, kinachowekwa hadi mwaka fulani ili watu wa wakati huo wajue maisha ya leo yalikuwaje. Tofauti yake na makasi ya Gede ni moja tu: hapa mtoto anachagua mwenyewe kitakachobaki.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1938, katika maandalizi ya maonyesho makubwa ya New York, kampuni ya Westinghouse ilifukia chombo cha aloi ya shaba kinachotakiwa kufunguliwa mwaka 6939. Chuo Kikuu cha Oglethorpe, kule Georgia, Marekani, kilifunga chumba kizima mnamo Mei 1940 na kuandika kwamba kifunguliwe mwaka 8113. Watoto wa Kilifi hawahitaji kwenda mbali kiasi hicho. Miaka 25 inatosha: mtoto wa Gredi ya 5 atakuwa na umri wa miaka 35 hivi, na huenda atakuja na mwanawe kutazama.

Ardhi hutunza nini, na hupoteza nini

Kabla ya kukusanya chochote, watoto waelezwe kwanza kwa nini wanaakiolojia huhangaika sana. Ardhi haina haki. Hutunza jiwe, kigae, kioo, mfupa na dhahabu, lakini mbao, nguo, ngozi, makuti, mkeka na chakula huviacha vioze. Katika hali ya hewa ya Pwani, yenye joto, unyevu na mchwa, kazi hiyo hufanyika haraka.

Matokeo yake yanaonekana Gede penyewe. Nyumba zilizosimama hadi leo ni za matumbawe na chokaa, na hizo zilikuwa za wenye uwezo. Watu wengi zaidi wa mji huo waliishi katika nyumba za udongo na makuti, kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Nyumba zao zilirudi kuwa udongo. Hakuna kibao kinachosema Nyumba ya Mkeka au Nyumba ya Kifuu, kwa sababu mkeka na kifuu havikungoja mchimbaji afike. Mtoto ambaye nyumba yao ni ya udongo au ya makuti ana sababu yake ya kulichukulia somo hili kwa uzito.

Mfano mwingine uko kwenye pango la Panga ya Saidi, katika vilima vya Dzitsoni, kama kilomita 15 kutoka baharini. Humo watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka nje waligundua kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Matokeo ya utafiti yalitangazwa mwaka 2021: mtoto huyo alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa sasa kujulikana barani Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama alalavyo mtoto yeyote.

La kufundisha hapa ni jinsi kichwa chake kilivyokuwa. Mifupa ya shingo na kichwa ilikuwa imeinama kwa namna inayoonyesha kwamba chini yake palikuwa na kitu mfano wa mto, kikaoza, kichwa kikashuka kujaza nafasi. Mwili nao ulionyesha dalili za kufungwa kwa kitu, labda majani au ngozi, ambacho hakikubaki. Mtu fulani, miaka 78,000 iliyopita, alimwekea mtoto huyo mto. Mto wenyewe haupo, na watafiti wameujua kwa nafasi ulioiacha tu. Mwalimu akilisimulia jambo hili polepole, hatahitaji kueleza sana kwa nini mahali kitu kilipokaa ni muhimu sawa na kitu chenyewe.

Kuchagua vitu

Watoto wakiambiwa walete vitu vya kuwekwa kwenye kasha, wengi watataja vitu vya fahari: kombe la mpira, picha ya gavana, simu, bendera. Si makosa, lakini vitu hivyo vitahifadhiwa na wengine. Picha za viongozi ziko kwenye magazeti na katika kumbukumbu za serikali. Kinachopotea ni kile ambacho hakuna anayekiona kuwa cha maana kwa sababu kipo kila mahali.

Njia nzuri ya kuanza ni jaa. Kwa muda wa siku 7 kila mtoto aandike kwenye daftari vitu vyote vinavyotupwa nyumbani kwao: maganda ya muhogo, vifuu, karatasi ya unga, mfupa wa samaki, kandambili iliyokatika, chupa ya dawa. Aandike tu, asitie mkono jaani, kwani kuna viwembe, vioo na sindano. Mwishoni mwa juma madaftari yalinganishwe. Darasa litagundua, bila kuambiwa na mtu, ni nyumba gani ziko karibu na bahari na zipi ziko bara, nani hupikia kuni na nani gesi, nani ana mtoto mchanga. Hivyo ndivyo mwanaakiolojia anavyofanya kazi. Jaa la zamani humwambia mengi kuliko kasri, kwa sababu mtu huweza kupamba sebule yake ili asifiwe, lakini hakuna anayepamba jaa.

Baada ya zoezi hilo, orodha ya vitu vya kasha hubadilika yenyewe. Kwa shule ya Kilifi, vitu kama hivi vinafaa: kifumbu cha kuchujia tui, kata ya kifuu, kipande cha kuti lililosukwa kwa ajili ya paa, leso yenye jina lake, ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi (mbuzi nzima haitaenea kasha), kandambili iliyoshonwa kwa waya, mpira wa matambara, kifuniko cha mtungi wa lita 20, ratiba ya vipindi, daftari lililokwisha, lenye alama za mwalimu za wino mwekundu. Daftari hilo lisiwe la mtoto anayeongoza darasani peke yake. Lenye makosa mengi lina habari nyingi zaidi.

Kuhusu mbuzi ya kukunia nazi, kuna jaribio linalochekesha na kufundisha. Picha yake ionyeshwe kwa mtu asiyeijua, kisha aulizwe ni nini. Kiti kidogo cha kukunjwa, chenye ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Atasema ni silaha, au mtego, au kiti cha adhabu. Nyumbani ambako nazi hununuliwa ikiwa imekunwa tayari, au tui hununuliwa la pakiti, mtoto hukua bila kuikalia hata siku moja. Inawezekana kabisa kwamba mwaka ambao kasha litafunguliwa, waliokusanyika hapo hawataitambua.

Vitu vilivyotoweka karibuni navyo vina somo lake. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakumbuki mwenye duka akifungia sukari kwenye mfuko mwembamba wa nailoni uliopeperuka hadi kwenye miti. Lakini mtu akilima kando ya kijiji leo, jembe huivua mifuko hiyo ardhini. Mchimbaji wa miaka 500 ijayo atakutana na tabaka la udongo lenye mifuko mingi, na juu yake tabaka lisilo nayo, na atajiuliza ni nini kilichotokea. Mtoto anaweza kumwandikia jibu.

Sarafu pia ziwekwe. Zile zilizozinduliwa Desemba 2018 zina wanyama badala ya sura za marais: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Hapa mwalimu aulize swali la mtego: kasha likipatikana likiwa na sarafu iliyoandikwa 2018, lilifungwa mwaka gani? Wengi watajibu 2018. Jibu sahihi ni kwamba halikufungwa kabla ya 2018. Lingeweza kufungwa 2018, 2026 au 2040, maana sarafu huzunguka mikononi kwa miaka mingi. Ndivyo sarafu za China zilivyotumika Gede: huonyesha mwaka ambao kabla yake haiwezekani, lakini haziwezi kutaja siku zilipodondoka. Ndiyo maana kaburi moja la Gede, linaloitwa Kaburi lenye Tarehe, limekuwa na thamani kubwa kwa watafiti. Limechongwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia, na limewapa mahali pa kusimamia. Kasha la watoto liandikwe tarehe kamili, ndani na nje.

Kadi ya kila kitu

Sehemu hii ndiyo kazi yenyewe, na isifanywe kwa haraka. Kitu bila maelezo ni bubu. Kila kitu kinachoingia kwenye kasha lazima kiwe na kadi yake, iliyoandikwa na mtoto aliyekileta, ikijibu haya: kinaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kimetengenezwa kwa nini na nani, kilipatikana wapi na kwa bei gani, nani nyumbani hukitumia na wakati gani, kinashikwaje, na kikiharibika hufanywa nini.

Swali la mwisho husahaulika mara nyingi. Kandambili iliyoshonwa kwa waya ina habari mbili: mtu alikuwa na kandambili, na ilipokatika hakuitupa. Nyumba ambako jerikeni lililopasuka hukatwa likawa beseni, na beseni likipasuka likawa chombo cha kulishia kuku, ina elimu ambayo haiko katika kitabu chochote.

Kadi nzuri haina maneno makubwa. Kwa mfano: "Hiki ni kifumbu. Kimesukwa kwa ukili. Nyanya alikinunua sokoni. Anatia nazi iliyokunwa, anamimina maji, anakamua kwa mikono miwili. Tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi. Anakitumia siku za wali na siku za samaki. Mama hatumii, anatumia chujio la plastiki." Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Inaonyesha mabadiliko yakitokea ndani ya jiko moja, kati ya mama na mkwe wake.

Ili kujaza kadi, mtoto atalazimika kuketi na mtu mzima na kuuliza. Wazazi wanaombwa wawe na subira. Babu au nyanya aulizwe kitu kilichokuwamo nyumbani kwao alipokuwa mtoto na ambacho hakipo tena. Jina lake liandikwe kama alivyolitamka, iwe ni kwa Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au lugha nyingine, hata kama mtoto hana hakika na tahajia. Kama kitu chenyewe hakipatikani, mtoto akichore kwa maelekezo ya mzee, mzee akosoe mchoro, mtoto achore tena. Michoro yote miwili iwekwe.

Kadi zikikamilika, darasa lifanye jaribio. Vitu 5 vipelekwe kwa darasa jingine bila kadi, wenzao wakisie ni nini na vya nani. Kisha wapewe kadi. Pale ambapo kadi yenyewe haieleweki, irudishwe kwa mwandishi aiandike upya. Mtoto akisikia swali la mwenzake wa Gredi ya 4, ataelewa vizuri zaidi swali ambalo mtu wa mwaka 2050 angeuliza.

Wakazi wa kaunti hii wanafahamu kwa uchungu madhara ya kitu kuondolewa mahali pake. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa, viliibwa kutoka bomani, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia ukutani katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo kama mapambo, bila jina la mzee wala la familia. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine vimefuata. Vile viwili viliweza kurudi kwa wenyewe kwa sababu kulikuwa na picha iliyopigwa vikiwa bado vimesimama nyumbani, na watu waliojua ni vya nani. Vingi vilivyorudi baadaye havina kumbukumbu hiyo, na haijulikani vipelekwe boma lipi.

Kasha lenyewe

Watu wazima wamewahi kukosea sana katika jambo hili. Katika mji wa Tulsa, Marekani, mwaka 1957 gari jipya aina ya Plymouth Belvedere liliteremshwa katika shimo la saruji, lifunguliwe baada ya miaka 50. Waliolizika walikuwa na tahadhari ya kutia pia mafuta ya petroli, wakihofia kwamba mwaka 2007 petroli haitapatikana. Siku ilipofika, umati ulikusanyika, kifuniko kikainuliwa. Maji yalikuwa yameingia. Petroli ilikuwa bado inauzwa kila mahali. Gari ndilo lililokuwa kutu tupu.

Watoto wa Uingereza nao walionja hayo. Kipindi cha runinga cha Blue Peter cha BBC kilifukia kasha mwaka 1971, na lilipochimbuliwa mwaka 2000 vilivyokuwamo vilikuwa vimeharibiwa na maji. Kasha jingine la kipindi hicho hicho, lililofukiwa mwaka 1998 lingoje hadi 2050, lilikumbwa na mafundi wa ujenzi mwaka 2017 kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza unashangaza watoto: msilifukie. Neno kasha la kumbukumbu huwafanya wakimbilie jembe, lakini ardhi ya Pwani wakati wa masika haina huruma. Kasha likae juu ya ardhi, ndani ya jengo, mahali pakavu pasipopigwa na jua: kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, maktaba, au tundu lililojengwa ukutani na kufunikwa kwa bamba lenye maandishi. Kama watoto wanataka lazima kuchimba, wachimbe shimo la kupanda mti, na kasha likae ndani.

Sanduku la bati la wanafunzi wa bweni, ambalo ndilo la kwanza kufikiriwa, ndilo baya kuliko yote. Bati lake ni jembamba na rangi ikichubuka hewa ya chumvi hulila. Afadhali chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mfuniko wa kukaza. Kama bei ni kubwa, chupa za kioo zenye midomo mipana na vifuniko vya kuzungusha zinatosha kwa vitu vidogo. Kila chupa ifungwe vizuri, kisha zote zipangwe ndani ya sanduku la mbao lililotiwa dawa ya mchwa. Vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha unyevu vinavyotoka ndani ya maboksi ya viatu vipya visitupwe. Vikusanywe, vikaushwe, vitiwe humo. Kasha lifungwe wakati wa kiangazi cha Januari au Februari, si Mei.

Karatasi ina siri zake. Gazeti hugeuka manjano na kuvunjika. Risiti za dukani na nyingi za tokeni za stima huchapwa kwa joto, si kwa wino, na hufifia baada ya miaka michache hadi zikawa nyeupe. Inafaa zinakiliwe kwa mkono au kwa mashine. Kadi ziandikwe kwa penseli, kwa sababu penseli haichujuki wala haisambai ikipata unyevu. Mpira wa kufungia pesa huyeyuka na kunata, gundi ya utepe huacha doa, pini hushika kutu. Karatasi zikunjwe tu na kutiwa katika bahasha.

Simu ya zamani inaweza kuwekwa kama kitu, lakini betri itolewe kwanza, maana betri huvuja na kuharibu vyote vilivyo karibu. Asitokee mtu wa kusema kwamba picha zote zitiwe kwenye flashi, mambo yaishe. Flashi haiahidi miaka 25, na hata ikidumu, huenda isipatikane mashine ya kuisomea. Waliohifadhi nyimbo zao kwenye kaseti wanalijua hilo. Picha chache zichapwe, na nyuma yake yaandikwe mahali, tarehe na kinachofanyika.

Visivyoingia

Vyakula, mbegu na vitu vyenye nyama au damu visitiwe, kwani huleta wadudu na ukungu. Vifuu viwe vikavu na safi. Vyeti vya kuzaliwa, nambari za vitambulisho na karatasi za hospitali zibaki nyumbani kwa wenyewe. Na mtoto asilazimishwe kutoa kitu anachokipenda. Kitu kilichotolewa kwa machozi si kumbukumbu ya darasa.

Jambo jingine ni la kisheria. Mtoto mwenye bidii anaweza kuja na kigae kizuri alichookota Gede, Mnarani au kando ya pango, akidhani kitapendeza kasha. Kigae hicho hakiingii. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, vikiwemo vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na inamtaka anayegundua kitu cha akiolojia atoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku 7, akieleza hasa mahali alipokiona. Njia bora ni kukiacha pale pale, kuweka alama, na kumwita mhusika. Kigae kilichohamishwa ni kama mto wa Mtoto ungeondolewa kabla mtafiti hajafika. Kwa sababu hiyo hiyo kasha la shule lisiwekwe kamwe ndani ya magofu, mapangoni au katika msitu wa kaya.

Orodha

Makasha mengi duniani hayakuharibika, yamesahaulika tu. Mwalimu aliyejua mahali alihamishwa, jengo likabomolewa, mlinzi akastaafu. Dawa yake ni orodha: vitu vyote kwa nambari, jina la shule, tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, na mahali kasha lilipo, kwa maneno ambayo mgeni anaweza kuyafuata bila kuuliza. Orodha iandikwe nakala tatu. Ya kwanza iingie katika kitabu cha kumbukumbu cha shule na isomwe kila mwaka siku ya kufungua muhula wa kwanza. Ya pili ipelekwe ofisi ya wadi. Ya tatu apewe mtoto mdogo kuliko wote darasani aende nayo nyumbani, na wenzake waambiwe jina lake, ili mwaka ukifika wajue ni nani wa kumtafuta.